Pandikizi wa Bondeni

Katika nchi ya Kaskazia, ambako jua huchomoza kwa haya kama mgeni asiyejua kama amealikwa, palikuwa na mji ulioitwa Ukunguni. Mji huo ulikalia vilima viwili na bonde lililokuwa kati yake, na mto wa rangi ya chai iliyolala ulipita bondeni ukibeba majani makavu, manyoya ya bata na povu la viwanda vya sabuni. Mvua ya huko haikuwa na kishindo. Ilinyunyiza, ikapumzika, ikanyunyiza tena, hata watu wakazoea kuposana, kugombana na kuzikana chini ya miavuli. Nyumba zao za matofali mekundu zilibanana bega kwa bega, na katika pembe za kuta zake ukungu wa nje uliingia ukawa ukungu wa ndani, ule mweusi unaoota juu ya mkate na katika vifua vya wazee.

Juu ya kilima cha mashariki lilisimama Jumba la Halmashauri, lenye ngazi pana za mawe na mnara wa saa. Saa hiyo ilichelewa daima, na hapana aliyethubutu kuirekebisha, kwa kuwa madiwani walikuja kazini kwa kuifuata. Waliotawala humo walikuwa watu wa Chama cha Mlango. Alama yao ilikuwa mlango ulio wazi, na maana yake, kwa maneno yao wenyewe, ni kwamba kila mtu anakaribishwa. Mlango huo ulichorwa kwenye mapipa ya taka, kwenye taa za barabarani na kwenye magari ya kubebea maiti, hata watoto wa Ukunguni walipoambiwa shuleni wachore serikali, walichora mlango. Wapinzani wao walikuwa Chama cha Dirisha. Hawa kazi yao ilikuwa kuchungulia mambo ya Mlango na kupiga kelele kwa kila walichokiona. Ila upepo wa baridi ulipovuma, wao nao walifunga. Uchaguzi baada ya uchaguzi, Mlango ulipata madiwani wengi na Dirisha wachache, na kila kikao kilipokwisha, wote walikula keki katika sahani moja.

Meya wa mji alikuwa Mheshimiwa Hodhi, mtu mnene wa sauti na mwembamba wa subira, aliyevaa kofia ndefu nyeusi na mkufu wa dhahabu uliomfika kitovuni. Alizaliwa Bondeni, katika kata ya mafukara, miongoni mwa matofali yanayotoa jasho. Alipopata, alihamia kilimani, lakini aliendelea kugombea udiwani Bondeni, kama mtu anavyoendelea kuvaa pete iliyomkaa kidoleni tangu ujana kwa kuwa haitoki tena.

Bondeni palikuwa na kitu kimoja tu ambacho watu wa kilimani walikitamani. Kiliitwa Nyumba ya Meko: ukumbi mrefu wenye dari ya mbao na meko mawili makubwa, moja kila upande, uliojengwa na watu wa kale ili asiyekuwa na kuni asife kwa baridi. Aliyetaka kuingia aliingia, hakuulizwa jina. Akina mama walisuka na kufuma humo, wazee walicheza bao, watoto wachanga walilazwa kwenye mabenchi karibu na moto. Mwaka wa uchaguzi, habari zilivuja kwamba Halmashauri inataka kuiuza nyumba hiyo kwa matajiri fulani ili waifanye hamamu ya maji moto, yenye mataulo meupe na manukato, kwa watu ambao majumbani mwao tayari mlikuwa na maji moto.

Bondeni kulichafuka. Watu waliokuwa wakimsalimu Hodhi kwa kuvua kofia sasa walizikandamiza kofia zao kichwani. Hapo ndipo Sarifu alipoona hatari. Sarifu alikuwa katibu wa Chama cha Mlango, mtu mtulivu, mwenye viatu visivyotoa sauti. Aliona kwamba hasira ya Bondeni yote ingemwendea Ramaza, mgombea wa Dirisha, kijana mwenye maneno mengi na koo lisilochoka. Hasira haizimwi, Sarifu aliwaza, ila inaweza kugawanywa. Akaamua kutafuta mgombea wa tatu, asiye na chama, mtu wa heshima kiasi cha kumnyang'anya Ramaza kura na mpole kiasi cha kutoshinda. Kwa neno la siasa, alitaka pandikizi.

Akamchagua Bi Shuwari.

Bi Shuwari alikuwa fundi wa miavuli. Kibanda chake kilikuwa karibu na daraja, na hakuna mtu Bondeni ambaye hakuwahi kukaa pale akingoja ubavu wa mwavuli wake uunganishwe. Hakuwa msemaji. Mumewe, Bwana Tengo, zamani alikuwa mpuliza tarumbeta wa mji, yule aliyesimama juu ya mnara siku za sherehe akawatoa watu machozi; sasa kifua kilikuwa kimekula pumzi yake, na kila asubuhi mkewe alimshika mkono akampeleka Nyumba ya Meko, jioni akamfuata.

Sarifu alikuja na mwavuli mzima akijifanya umevunjika.

"Mama," alisema, akiketi bila kukaribishwa, "mji huu unahitaji sauti ya watu kama wewe."

"Sauti yangu ni ndogo, bwana."

"Ndiyo maana tunaihitaji." Akatabasamu. "Utatia sahihi tu. Jina lako litakaa kwenye karatasi ya kura. Hutahutubu, hutatembea nyumba kwa nyumba, na hutashinda. Siku ya pili utaendelea na miavuli yako kama kawaida."

"Kama sitashinda, nakaa kwenye karatasi kwa sababu gani?"

"Demokrasia, mama. Meza yenye sahani mbili ni umaskini. Tunataka tatu." Kisha akageuza macho kuelekea chumba cha nyuma, ambako Tengo alikuwa akikohoa. "Nimesikia bwana hajiwezi. Makaa ya mawe, mazuri, ya majira yote ya baridi, yataletwa hapa. Hatakuwa na haja ya kuburutwa kwenye mvua kila siku. Atakaa kwake, kwenye joto lake, kama mtu."

Bi Shuwari alichomeka sindano yake kitambaani. Alijua kwamba kitu kisichoulizwa bei kina bei. Lakini kikohozi kilikuja tena kutoka chumbani, kikavu, kama mtu anayepasua ubao, naye akatia sahihi.

Kila mgombea alipaswa kuwa na alama. Watu wa Mlango walipokuwa wakinywa chai yao kilimani, waliulizana fundi miavuli apewe nini, na Meya Hodhi akasema, akicheka, "Mpeni bawaba. Kitu kidogo, hakionekani, kazi yake ni kushikilia mlango." Wote wakacheka mpaka keki zikawapalia. Basi ikawa bawaba.

Makaa yalikuja usiku ule ule. Kwa mara ya kwanza tangu baridi ianze, Tengo alilala bila koti. Alimuuliza mkewe yametoka wapi, naye akasema ni malipo ya kazi, jambo ambalo halikuwa uongo kamili, na kwa hiyo lilimwuma zaidi.

Kilichofuata Sarifu hakukipangia. Watu wa Bondeni walipoliona jina la Bi Shuwari limebandikwa ukutani, walianza kuja kibandani na miavuli yao, mibovu na mizima, wakakaa, wakauliza.

"Bi Shuwari, ukishinda utafanya nini kuhusu Nyumba ya Meko?"

"Sijui," alijibu.

"Na barabara ya mtoni?"

"Hiyo nayo sijui. Ila viatu vyangu huzama mle kama vyako."

Walikuwa wamehubiriwa miaka mingi na watu wanaojua. Hodhi alijua, Ramaza alijua, kila aliyepanda jukwaani alijua, na barabara ya mtoni ilizidi kumeza viatu. Neno "sijui" liliwaburudisha kama dirisha lililofunguliwa na mtu asiye wa Dirisha. Walilichukua wakaenda nalo majumbani. Bi Kunde, mwuza supu ya moto pale darajani, mwanamke mwenye kicheko kilichosikika ng'ambo ya mto, alichora bawaba kwa mkaa ubavuni mwa sufuria yake. Siku chache baadaye palikuwa na bawaba kwenye kuta, kwenye magunia, kwenye mgongo wa punda wa mwuza maziwa.

Bi Shuwari aliona hayo akaogopa. Kila aliyemtazama kwa imani aliongeza uzito juu ya mabega yake. Kisha siku moja Ramaza mwenyewe alikuja, amelowa, hana mwavuli.

"Nakuheshimu kama mama yangu," alisema akiwa amesimama, "kwa hiyo nitakwambia usoni. Wewe ni pandikizi. Sijui wamekupa nini, lakini kila kura utakayopata, utakuwa umemkabidhi Hodhi funguo za Nyumba ya Meko. Wazee watakaokufa baridi hii, uwahesabu nawe."

Bi Shuwari alimpa mwavuli wa mteja mmoja aliyefariki, akamwambia mvua bado ni ndefu. Ramaza aliuchukua, kwa aibu, akaondoka. Tengo, aliyekuwa amesikia yote kutoka chumbani, alitoka akiegemea ukuta.

"Mke wangu, makaa haya ni ya nani?"

Akamweleza. Alitarajia hasira, angeipokea. Tengo aliketi tu akautazama moto, ule moto mzuri wa buluu.

"Kesho nipeleke Nyumba ya Meko," alisema. "Hapa pana joto, ila sipumui."

Asubuhi yake, baada ya kumfikisha mumewe, Bi Shuwari alipanda kilima mpaka ofisi ya Chama cha Mlango akamwambia Sarifu anajitoa. Sarifu alimwekea kiti.

"Karatasi zimekwisha kupigwa chapa, mama. Jina likishalala kwenye karatasi haliamshwi." Akampigapiga mgongo wa mkono. "Usihangaike. Hutashinda. Nimeshinda chaguzi nyingi, nazijua harufu zake."

Siku ya kura ilipita kwenye manyunyu. Kesho yake asubuhi, Ijumaa, watu walijaa ukumbi mkuu wa Jumba la Halmashauri kusikia matokeo. Kura zilikuwa zimemwagwa juu ya meza ndefu, na makarani waliovaa vifuniko vya mpira vidoleni walizipanga mafungu mafungu, huku mawakala wa vyama wakiwainamia kama kunguru juu ya wavuvi. Mambo yalikuwa yameharibika kwa Mlango. Kata baada ya kata, Msimamizi wa Uchaguzi, Bwana Thabiti, mzee mkavu aliyesoma majina yote kwa sauti moja kana kwamba anasoma orodha ya dawa, alipanda jukwaani akatangaza, na kila mara upande mmoja ulipiga makofi na mwingine ukatazama viatu. Kata za kilimani zilibaki na Mlango. Za viwandani zilikwenda Dirisha. Za katikati, ambazo hazikuwahi kuteleza, ziliteleza. Ilipofika saa sita za mchana, kwa saa ile iliyochelewa, Mlango na Dirisha walikuwa na madiwani sawasawa, na iliyobaki ilikuwa kata moja tu.

Bondeni.

Makarani walihesabu, wakatazamana, wakahesabu upya. Sarifu alikuwa amesimama nyuma yao, na kwa mara ya kwanza viatu vyake vilisikika. Ramaza alikuwa wa tatu. Aliona mwenyewe fungu lake lilivyo dogo, akavua miwani akaifuta ingawa haikuwa na unyevu. Mafungu mawili yaliyobaki yalikuwa ya mlango na ya bawaba, nayo yalilingana, kura kwa kura. Waliomtoroka Ramaza kwenda kwa Bi Shuwari walikuwa wengi, kama Sarifu alivyopanga. Ila waliomtoroka Hodhi walikuwa wengi vilevile, watu walioogopa maneno ya Ramaza lakini hawakumwogopa fundi miavuli.

"Kwa sheria ya Kaskazia," Bwana Thabiti alitangaza, "kura zikishindwa kuamua, kura itaamua. Majina mawili yataandikwa, yatatiwa chomboni, nami nitatoa moja. Isipokuwa mmoja wa wagombea atajitoa kabla."

Ukumbi ulivuma. Sarifu alikuwa amekwisha kumshika Bi Shuwari kiwiko, akampeleka nyuma ya nguzo.

"Sasa ndiyo wakati wako wa kujitoa, mama. Ulitaka mwenyewe, hukutaka?"

"Nilitaka. Ukaniambia jina haliamshwi."

"Leo linaamshwa." Sauti yake ilibaki laini. "Panda pale useme umechoka, mumeo mgonjwa, unamwachia Mheshimiwa. Watakuhurumia. Usipofanya hivyo, nitapanda mimi. Nitawaambia kwamba huyo mama yao wa miavuli alikula makaa yetu. Fikiria utapitaje darajani."

Alifikiria. Alifikiria darajani, alifikiria kicheko cha Bi Kunde kikimgeukia, alifikiria kibanda kisicho na mteja. Kisha akakumbuka uso wa mumewe mbele ya moto wa buluu, na ikawa kama kwamba hofu, kwa kuwa kubwa mno, imemtoka yenyewe kwa kukosa nafasi. Alijitoa mkononi mwa Sarifu akapanda jukwaani. Hakuwahi kuhutubia watu maishani mwake.

"Mimi ni pandikizi," alisema.

Waliokuwa nyuma hawakusikia. Akarudia kwa sauti zaidi, na safari hii hata saa ya mnarani ilisikika ikijikongoja.

"Bwana Sarifu alikuja kwangu akanitaka nigombee ili nimpunguzie Ramaza kura. Akanipa makaa ya mawe. Mume wangu anaumwa kifua, nikayapokea. Mlipokuja mkaniuliza nitafanya nini nikasema sijui, hapo nilisema kweli, lakini habari ya makaa sikuwaambia. Nawaambia leo kwa sababu ameniambia kama sijitoi atawaambia yeye. Basi. Anayetaka kunitukana anitukane."

Wengine waligeuka wakaanza kutoka. Mzee mmoja alitema mate sakafuni, na mate yale Bi Shuwari aliyaona akayapokea. Kisha kutoka katikati ya umati Bi Kunde akapaza sauti.

"Makaa yenyewe yalikuwa mazuri?"

"Mazuri sana," alisema Bi Shuwari. "Sikupata usingizi mbele yake."

Kicheko kikapasuka, cha maumivu kidogo, lakini kicheko. Mheshimiwa Hodhi akasimama, mkufu ukilia kifuani. "Mimi simjui mwanamke huyu wala makaa yake! Kama kuna aliyefanya uchafu huu, ni katibu, amefanya kwa akili yake mwenyewe!"

Sarifu alimtazama bwana wake. Alikuwa amemtumikia maisha yake yote ya utu uzima, amekula matusi yake na kupanga ushindi wake.

"Mheshimiwa," alisema polepole, "makaa yalitoka ghalani kwako."

Bwana Thabiti aligonga meza. Watu wakamtaka amwondoe Bi Shuwari kwenye uchaguzi. Wengine wakataka aondolewe Hodhi. Alifungua kitabu cha sheria, akapitisha kidole, akakifunga. "Sheria ya Kaskazia inakataza kununua wapiga kura," alisema. "Juu ya kununua mgombea haisemi kitu. Naomba chombo."

Hodhi alisisitiza itumike kofia yake mwenyewe, ile ndefu nyeusi, maana hakuwahi kushindwa jambo lolote akiwa ameivaa. Wakamkubalia. Vikaratasi viwili vikakunjwa, vikatumbukizwa, kofia ikatikiswa. Mzee Thabiti akaangalia dari, akaingiza mkono mpaka kiwiko, akatoa kimoja, akakisoma kwa sauti ile ile ya orodha ya dawa.

"Shuwari."

Hakuna aliyeshangilia mara moja. Hodhi aliomba arudishiwe kofia, akachungulia ndani, akaipapasa bitana kwa vidole, kana kwamba jina lake limejificha mle kwa utani na litatoka.

Siku zilizofuata, kibanda cha darajani kilipata wageni ambao hawakuwahi kushuka bondeni kwa miguu. Kwa kuwa Mlango na Dirisha walilingana, hakuna jambo lililoweza kwenda huku wala kule bila Bi Shuwari, na bawaba ile ndogo, iliyotolewa kwa kicheko, sasa iliambiwa na pande zote mbili kwamba ni ya dhahabu. Wakubwa wa Mlango walimwahidi kiti cha mahameli. Wakubwa wa Dirisha walimwahidi kiti hicho hicho na mto wa kuegemea. Kila upande aliuuliza swali moja: Nyumba ya Meko itauzwa?

"Tutaliangalia," walisema wa Mlango.

"Tutaunda kamati," walisema wa Dirisha.

Hapo akaelewa kwamba hata wale waliokuwa wakipiga kelele walikuwa wamekwisha kupiga hesabu ya mataulo. Hakujiunga na upande wowote. Bondeni nako mambo hayakuwa mepesi. Wengine walimsalimu kwa furaha, wengine walivuka daraja wakitazama maji, na yule mzee aliyetema mate alipeleka mwavuli wake kwa fundi wa kilimani. Bi Shuwari aliyapeleka makaa yaliyobaki Nyumba ya Meko, gunia kwa gunia, akayatia kwenye meko mbele ya kila mtu. Watu hawakumshukuru, ila waliota moto.

Umeya, kwa kuwa pande mbili hazikupatana, alipewa Mzee Pazia wa Dirisha, diwani mkongwe kuliko wote, kwa sababu kila kikao alilala na hivyo hakuwa na adui.

Kikao cha kwanza kiliwekwa siku ya mvua. Jambo lililoletwa lilikuwa kuuzwa kwa Nyumba ya Meko. Kamati ilikuwa imeundwa, ikaliangalia, ikakubali. Madiwani walikuwa wameketi, Mzee Pazia alikuwa amekwisha kusinzia, na Bi Shuwari alikaa peke yake kwenye kiti cha kawaida kati ya pande mbili, mikono mapajani, akijaribu kuwahesabu kwa macho wale ambao wangeinua mikono. Walikuwa karibu wote. Kura yake ilikuwa na nguvu pale tu wengine walipogombana, na juu ya mataulo hawakugombana.

Ndipo mlangoni pakagongwa.

Kulikuwa na kanuni ya zamani kidogo, iliyotungwa na Hodhi enzi zake ili wapiga kelele wasimsumbue. Ilisema asiyekuwa diwani atasimama nje kwenye ngazi, atabisha hodi, na hataingia mpaka aliyemo ndani aseme karibu. Kwa kuwa hakuna diwani aliyewahi kusema karibu, miaka yote watu wa Bondeni waliokuja kusikiliza mambo yao walisimama kwenye ngazi, wakalowa, wakarudi. Leo pia walikuwepo, wamejaa ngazi zote mpaka barabarani. Na mbele yao wote, amebeba mkoba wa ngozi, alisimama mtu ambaye matajiri wa hamamu walikuwa wamemwajiri kuja kueleza faida za biashara yao.

"Hodi!" sauti nene iliita.

Kila mmoja ndani aliitambua. Watu wa Mlango waliangalia makaratasi yao. Nani angetaka kuonekana akimkaribisha mtu aliyeshindwa? Watu wa Dirisha walitabasamu. Waache alowe kidogo. Mzee Pazia alikoroma.

"Hodi, jamani! Ni mimi!"

Mvua iliongezeka. Ilisikika ikipiga juu ya kofia ndefu. Bi Shuwari alitarajia kuona raha, maana alistahili kuiona, lakini aliposikia sauti ile ikiita mara ya tatu na kupasuka katikati, aliona tu mtu mnene anayezeeka kwenye mvua, na nyuma yake watu wengine wengi ambao hawakuwa hata na sauti ya kuita kwa kuwa waliacha zamani. Akasimama. Akaenda mpaka mlangoni, mlango ule mkubwa wa mbao nyeusi ambao ulichorwa kila mahali katika mji ukiwa wazi, akauvuta kwa mikono miwili. Ulikuwa mzito kuliko alivyodhani.

"Karibuni," alisema.

Hodhi aliingia haraka, akapiga hatua tatu, kisha akasimama. Alikuwa amebisha peke yake, na jibu halikuwa la mtu mmoja. Nyuma yake waliokuwa kwenye ngazi walitazamana, wakilionja lile neno kama kwamba wanahakikisha mwisho wake, kisha Bi Kunde akasema, "Si mmesikia?", akaingia na sufuria yake ya supu. Wakaja. Waliingia na miavuli inayochuruzika, na watoto migongoni, na vikohozi, na harufu ya sufu iliyolowa. Ramaza aliingia na mwavuli wa marehemu, na Tengo akiwa amemshika bega. Wakajaza nafasi kati ya viti, wakasimama nyuma ya madiwani karibu mno, hata kila diwani akasikia pumzi ya mtu shingoni. Hodhi alisukumwa taratibu mpaka ukutani, mkoba umekumbatiwa kifuani pale mkufu ulipokuwa, na hakukuwa na kiti.

Mikono iliyokuwa tayari kuinuka ilishuka ikatafuta mifuko.

Kelele ya watu ikamwamsha Mzee Pazia. Alitazama umati ule, nguo zile nyeusi zilizolowa, nyuso zile zilizotulia, akapangusa mdomo wake, akauliza kwa sauti ya usingizi, "Jamani, nani amefariki?"

Bi Shuwari, aliyekuwa bado amesimama mlangoni, mvua ikimpiga mgongoni, aliinua mkono kuomba kusema.